Maziwa, Gunia Mbili

Katekista aliposema watoto wa marehemu waje watie udongo, tulisogea wanne. Kaka mbele, Dada nyuma yake, mimi, na kitindamimba wetu ambaye ndiye pekee aliyebaki Baray akilima. Tukachota udongo, tukatupia, tukarudi nyuma. Katekista hakuendelea. Alinyamaza kidogo, kitabu mkononi, akitazama juu ya vichwa vyetu, na watu wa upande ule wa kaburi nao wakageuka. Chini ya mgunga, kama hatua 30 hivi, alikuwa amesimama mzee wa Kidatoga, shuka begani na fimbo mkononi. Hakusogea. Watu walimtazama yeye, kisha wakatutazama sisi. Ndipo katekista akaita wajukuu.

Nilidhani ni mteja wa Mama.

Ilikuwa Agosti 2018. Tulimzika pembeni ya mfereji kwa sababu alishasema mwenyewe kwamba hataki kulala mbali na maji. Asiyeijua Baray ataona ni maneno ya kizee. Ukitoka Karatu, ukiacha lami kwenye njia panda ya Oldeani, unateremka kwa mwendo wa vumbi mpaka joto libadilike na masikio yazibuke, na mbele yako linatandaa bonde la Eyasi, jeupe kwa magadi wakati wa kiangazi. Hapo ungesema hakuna mtu anayeweza kuishi. Halafu ghafla unakutana na kijani: majaruba ya vitunguu, moja baada ya jingine, yote yakinywa maji ya chemchemi za Qang'dend. Huku mtu anaulizwa zamu yake ya maji kabla ya kuulizwa jina la baba yake.

Tena Bonde la Eyasi ni mahali pa ajabu kwa lugha. Kiiraqw ni Kikushi, Kidatoga ni cha Waniloti, Kinyiramba ni Kibantu, na Kihadza hakina ndugu anayejulikana, na zote unaweza kuzisikia kwenye mnada mmoja kabla ya saa sita. Mama alizijua tatu kwa ufasaha, ukiacha Kiswahili. Kiiraqw kilikuwa chake, Kinyiramba alikiolewa kwa Baba. Kidatoga tulidhani alikiokota sokoni. Sasa ninapokumbuka, watu wa sokoni hujua kutaja bei na kukataa bei. Mama alikuwa anataniana kwa Kidatoga. Alikuwa anagombana kwa Kidatoga. Mara moja, nikiwa darasa la nne, nilimsikia akiimba kwa Kidatoga huku akipalilia, na aliponiona alinyamaza, akaniuliza kama nimelisha kuku.

Hadithi tuliyopewa ilikuwa fupi. Yeye alitoka Kainam, juu kule Umbulu. Baba alitoka Iramba, ng'ambo ya ziwa, akaja kutafuta kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, yale yaliyofunguliwa na walowezi wa Kijerumani kati ya vita kuu mbili. Wakakutana, wakaoana, na Operesheni Vijiji ya 1974 ikawakuta bondeni. Hiyo ndiyo historia yote, na tuliikariri shuleni kila tulipoagizwa kuandika insha ya familia yangu. Kwamba Mama hakuwahi kwenda Kainam hata msiba mmoja, sisi tulisema ni nauli. Kwamba hakuna mjomba aliyewahi kulala kwetu, tulisema wajomba wana kazi.

Siku ya tatu baada ya mazishi Kaka alifungua sanduku la bati. Ndani mlikuwa na kanga tatu ambazo hazijavaliwa, kadi ya ubatizo, risiti za mchango wa mfereji zilizofungwa kwa uzi wa katani, na kaunta buku la kwaya tatu, jalada limeshonwa kwa kamba ya gunia. Mama alijifunza kuandika kwenye kisomo, katika ile kampeni iliyopata nguvu baada ya serikali kuufanya mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na mwandiko wake haukubadilika tangu hapo: herufi kubwa kubwa, zilizosimama wima kama watu waliopanga foleni ya sukari.

Mimi ni mhasibu. Nimekagua vitabu vya watu wengine jijini Arusha kwa miaka 20, na nakiri sijawahi kuona kitabu safi kama kile. Kila msimu ulikuwa na ukurasa wake. Mbegu. Mbolea. Dawa. Vibarua wa kupandikiza. Wakataji, kwa maana ya wale kina mama wanaokaa juu ya maturubai wakikata majani na mizizi huku macho yakiwatoka machozi kutwa. Kamba na magunia matupu. Magunia ya kawaida aliyaandika mbali na lumbesa, ili ajue dalali kamwibia kiasi gani. Alikuwa anaandika hata pale bei ilipoanguka na malori ya Nairobi hayakuja, akaacha vitunguu vioze shambani: "VIMEOZA", basi, na mstari chini yake.

Na chini kabisa ya kila ukurasa, baada ya hesabu kufungwa: "MAZIWA, GUNIA 2."

Niliufuata ule mstari nyuma, msimu kwa msimu. Haukukosekana hata msimu wa VIMEOZA, ambapo alinunua magunia mawili kwa jirani ili ayatoe. Kabla ya 1991 ulikuwa "GUNIA 1". Nikawaeleza ndugu zangu, kwa sauti ile ya mtu aliyesomea jambo, kwamba Mama alikuwa analipa maziwa kwa mali badala ya fedha, na kwamba kutoka moja kwenda mawili ni mfumuko wa bei tu, miaka ile shilingi ilikuwa imeporomoka sana. Walitikisa vichwa. Dada akaandika kwenye karatasi ya madeni: muuza maziwa, ajulikane ni nani.

Jioni nikaenda kumuuliza jirani yetu, mama wa Kinyaturu ambaye tangu utoto tunamwita Mama Mdogo.

"Mama Mdogo, Mama alikuwa ananunua maziwa kwa nani?"

Alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta. "Mama yenu hajawahi kununua maziwa."

"Lakini ameandika. Kila msimu, gunia mbili."

"Ameandika, ndiyo. Kwani nyie hamkusoma?"

Nikasema nimesoma. Akasema, "Basi rudia." Ndipo akaweka ungo chini, akaniambia nikae kwenye kinu, kwa kuwa ni maneno marefu.

Mama alipata mimba akiwa kwao Kainam, msichana, hajaposwa. Kwa Wairaqw wa enzi zile hilo halikuwa la kugombezwa na kusamehewa. Kuna kitu wanakiita metimani, hali ya kutengwa inayompata mtu au nyumba nzima baada ya misiba ya aina fulani: huchangii moto na majirani, hunywi kwenye kibuyu chao, mifugo yako haichanganyiki na yao mpaka muda uishe. Watafiti walioishi Umbulu, akina Robert Thornton na Ole Bjørn Rekdal, wameiandika metimani kwa kirefu, na baadaye niliwasoma usiku kucha kama mtu anayesoma faili la hospitali la mzazi wake. Binti mwenye mimba ya nyumbani alikuwa anaondolewa kabisa. Mtoto akizaliwa juu ya ardhi ile, waliamini, mvua itakosa njia. Kwa hiyo alikwenda porini, na wengi wao waliishia kwa Wadatoga, maana sheria hizo za Wairaqw haziwafungi.

"Aliteremka peke yake," Mama Mdogo alisema. "Siku mbili. Alipofika kwenye boma la kwanza hakuingia. Alikaa nje ya miiba kwa sababu alijua yeye ni wa kutengwa, hakutaka kuwaletea watu nuksi. Mwanamke wa pale akatoka na kibuyu cha maziwa, akampa. Mama yenu akakataa. Akamwambia kwa ishara, mimi sinywi kwenye chombo cha mtu. Yule mwanamke akanywa yeye kwanza, akampa tena."

Mtoto alizaliwa kwenye boma hilo. Wa kiume. Akapewa jina linaloanza na Gida, kama wanaume wengi wa Kidatoga. Mama aliishi pale miaka mitatu, kisha Baba akatokea, kijana wa Kiiramba asiyejua wala kujali metimani ni nini. Mtoto akabaki kwa yule mwanamke, ambaye hakuwa na mwingine.

"Baba alijua?"

Mama Mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, ile gunia ya pili ni ya baba yenu. Mama yenu alikuwa anapeleka moja, kwa kificho, anafikiri mumewe haoni. Siku moja baba yenu akapakia mbili kwenye punda, akamwambia, maziwa hayalipwi kwa moja."

Huo ndio mfumuko wa bei wa 1991.

Nilirudi nyumbani gizani, nikifuata mfereji. Niliona hasira kwanza, lazima niseme ukweli, na haikuwa kwa Mama. Nilikuwa nahesabu watu. Mama Mdogo alijua. Katekista alijua. Mwenyekiti wa zamu ya maji alijua, wakataji walijua, na wale waliogeuka kaburini walijua wote. Kitindamimba wetu, aliyebaki shambani, nilipombana alikiri kwamba amekuwa akipeleka ule mzigo kwa pikipiki tangu Baba afariki 2006. "Sasa kwa nini hukutuambia?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakututangazia kwamba jua linachwea upande wa ziwa. "Nilijua mnajua."

Tumezoea kusema mzazi alificha. Mama yetu hakuficha. Aliandika kwa herufi kubwa, akashona jalada lisiraruke. Siri ilikuwa ni umbali wetu. Tulipelekwa bweni tukiwa na miaka 13, tukawa tunarudi Desemba wiki mbili, tunakula, tunalalamikia vumbi, tunaulizwa habari za mjini nasi tunazieleza bila kuuliza za huku. Chai ya kwetu siku zote ilikuwa na harufu ya moshi, ile ya kibuyu kinachosafishwa kwa kaa la moto, na hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza maziwa yale yametoka wapi. Huko Ulaya na Marekani siku hizi watu hutema mate kwenye kichupa, wakakiposti, na wiki chache baadaye wanaletewa orodha ya ndugu wasiowajua. Sisi ndugu yetu alisimama chini ya mgunga mchana kweupe, nikamwona mteja.

Kaka ndiye aliyeumia zaidi. Kwa miaka 45 alikuwa kifunguamimba, na kwetu hicho si cheo cha bure: ndiye aliyeacha shule ili Dada asome, ndiye aliyelipa ada yangu kwa mshahara wa udereva wa lori. Kikao cha ukoo kilipoketi kumteua msimamizi wa mirathi, na karatasi ikafika mahali pa kuorodhesha watoto wa marehemu, aliandika majina manne, akafunga kalamu. Nikamwuliza. Akasema kama ni ushahidi twende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kuna sheria ya vinasaba ya 2009. Nikamwambia hicho kipimo hakifanywi kwa kubisha hodi, ombi lipitie kwa wenye mamlaka, mathalani mahakama au ofisa ustawi wa jamii. Tukawa tunabishana kuhusu utaratibu kama watu wawili wanaokwepa kutazama kitu kilichoko katikati ya meza.

Baba Mdogo, aliyekuja kutoka Iramba kuwakilisha upande wa Baba, akapata nafasi ya kuongeza lake: kwa mila, shamba ni la wanaume, na Dada apewe vyombo. Alikuwa anasimama juu ya kitu, si juu ya hewa. Amri ya Sheria za Kimila ya 1963 iliwaruhusu wanawake kulima ardhi ya ukoo wakiwa hai lakini si kuiuza. Bahati yake mbaya ni kwamba Dada ni mwalimu wa uraia. Akamweleza, kwa heshima zote na bila kukaa, habari za Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, akashitakiwa na mpwa wake, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba Katiba haimpi mwanamume haki ya kuuza na kumnyima mwanamke. Baba Mdogo akanywa maji.

Kisha Dada akamgeukia Kaka. "Na wewe. Mlango niliopita mimi sasa hivi, siwezi kuufunga nikishakuwa ndani. Andika watano."

Kaka hakuandika. Kikao kikaahirishwa mpaka asubuhi.

Asubuhi hiyo yule mzee alikuja mwenyewe. Tulikuwa tunapiga mswaki nje. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," nikajisikia vibaya neno lilipotoka, ila lilikuwa limeshatoka. Akaitika, "Marahaba, mdogo wangu." Kwa karibu alikuwa na kipaji cha Mama, kilekile kinachokunjwa katikati mtu anaposikiliza, na mkononi bangili nzito ya shaba nyeupe, ya zile wanazofua wahunzi wa Kidatoga kwa kuyeyusha makufuli mabovu.

Alikataa kiti. "Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe wa Mama," akasema. "Nasikia mnaandika mali."

Kaka akamwambia Mama hakuwa na ng'ombe.

"Sisi hatuli vitunguu," mzee akasema.

Hakuna aliyejibu. Akatueleza taratibu, kwa Kiswahili cha mtu anayekitumia mnadani tu. Kila msimu aliuza yale magunia, akanunua mbuzi jike. Mbuzi wakizaa sana anawauza, ananunua mtamba. Mama yake mlezi ndiye aliyeanzisha, akisema maziwa hayalipwi, kwa hiyo hiki ni cha mwenyewe, kitunzwe. Ilifika wakati walikuwa zaidi ya 20. Ukame wa 2009 ukawamaliza, wakabaki watatu. Sasa wameongezeka tena. Mama alikuwa anakuja kuwaona kila baada ya mavuno, anawagusa mmoja mmoja, anaondoka na maziwa ya chai.

Nilitamani kukimbilia kaunta buku. Kila mwanafunzi wa uhasibu wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kinachotoka upande mmoja lazima kiingie upande wa pili, na mimi mzima nilikuwa nimeshika upande mmoja wa kitabu kwa siku nne nikidhani ndio wote. Upande wa pili ulikuwa unachunga kando ya ziwa.

Tulikwenda mchana kwa pikipiki mbili. Wake zake walitupokea. Mkubwa wao alikuwa amevaa ile sketi ya ngozi yenye nyuzi ndefu, na alimkumbatia Dada muda mrefu akisema maneno ambayo hakuna aliyetutafsiria. Wakaleta kibuyu. Kwa ugeni na umri kilianzia kwa Kaka. Alikipokea, akakishika kwa mikono miwili, na nikaona anapiga hesabu usoni. Akanyoosha mikono akampa mzee. "Anza wewe," akasema. Mzee akanywa, akampa. Kaka akanywa. Ladha ilikuwa ni chai ya nyumbani bila majani.

Zizini alitaka nihesabu mimi, kwa sababu aliambiwa ndiyo kazi yangu. Nikahesabu 12. Akatikisa kichwa: 11. Nikarudia, nikapata 12. Akaninyooshea ndama mwekundu aliyekuwa bado anayumba miguu. Huyo, akasema, amezaliwa siku ya pili baada ya Mama kuzikwa. Mama hakumgusa. Hajui ni wa nani.

Kaka aliteuliwa msimamizi, na mimi nikawa mwandishi wake. Msimamizi ana miezi 4 ya kurudisha mahakamani Fomu Na. 5 ya orodha ya mali, na baadaye Na. 6 ya mahesabu, na nilizijaza zote kwa kalamu ya wino mweusi. Watoto watano, kwa mwandiko wa Kaka, jina la Gida likiwa juu. Shamba. Nyumba. Pampu moja ya mafuta. Nilipofika kwenye mifugo nikakwama, nikaona bora niulize. Mahakama ya Mwanzo siku ile ilikuwa na watu wengi, na karani alikuwa anakula ndizi huku akigonga mihuri. Nikamweleza kuhusu ndama: fomu inataka mali aliyoiacha marehemu, na huyu alizaliwa baada ya kifo, tena kwenye boma la mtu mwingine.

Akaacha kutafuna. "Wakati marehemu anafariki, huyo ng'ombe alikuwa na mimba?"

Nikasema ndiyo.

"Mimba yake ilijulikana?"

Nikasema ilijulikana na kila mtu.

"Basi andika," akasema, akachukua fomu ya mtu aliyekuwa nyuma yangu.